Vidonge vya Msemaji wa Mahari

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimechaguliwa. Mimi Revocatus, muuza ndoo na viti vya plastiki hapa Mukendo, Musoma mjini, ndiye msemaji wa ukoo Jumamosi hii tunapokwenda Buswahili kuongea mahari ya Mniko. Sio Lameck. Naomba niandike tena. Sio Lameck.

Mniko ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Analima pamba Bunda na maksai wake wawili. Kijana mpole, hana baba, anamtaka Wegesa binti wa mzee Mwikwabe, na Wegesa naye anamtaka. Kilichobaki ni ng'ombe. Ng'ombe ndiyo kila kitu.

Kikao kilikuwa jana nyumbani kwa Lameck, Bunda. Lameck ni mtoto wa baba yangu mkubwa. Tangu tukiwa wadogo sijawahi kutaka kitu yeye asikitake. Alianza kusema msemaji lazima awe na mgongo, maana wazee wa Buswahili wanakukalisha kwenye kigoda toka asubuhi mpaka jua linageuka, na watu wa mjini tumezoea viti vya kuegemea. Watu wakacheka. Pembeni palikuwa na gunia la pamba, limeshindiliwa mpaka limekuwa gumu. Nikainuka. Nikalibeba begani. Nikazunguka nalo uwanja mzima nikiuliza nani kasema mgongo.

Nilichaguliwa palepale. Mgongo nao ukaachia palepale. Nikatabasamu mpaka stendi. Musoma nilishushwa na konda, akanishika kwapani, akaniambia pole mzee. Nina miaka hamsini na mbili tu.

Sheria ya siku ile naijua, lakini naiandika nisije nikajisahau. Msemaji hali kitu cha wakwe mpaka idadi ya ng'ombe ikubaliwe. Akila, amekubali. Idadi iliyotajwa mwisho na wenye binti ndiyo hiyohiyo, hakuna kurudi nyuma. Baba yangu alikuwaga anakaa na njaa yake pale kwenye kigoda mpaka wakwe wenyewe wanamhurumia, wanapunguza. Ndiyo kazi niliyopewa. Kukaa wima na kukaa na njaa.

Consolata, mke wangu, sijamwambia habari ya mgongo. Yuko kwenye simu kila siku na Scholastika, mke wa Lameck. Nikimwambia Consolata asubuhi, mchana Lameck anajua.


Jumanne, 10 Juni 2025

Kugeuka kitandani ni safari. Kuvaa soksi nimeshindwa, nimekwenda dukani bila soksi.

Nikapita duka la dawa kwa Flora. Sikutaka kusema ni mimi. Nikamwambia nina mlinzi wangu dukani, mtu mzima, amebeba mzigo, mgongo umemkamata. Sina mlinzi. Flora akauliza mlinzi ana vidonda vya tumbo? Nikasema hana. Anakunywa pombe? Kidogo, sikukuu. Akanipa diklofenaki. Akaniambia nimwambie mlinzi ale kwanza ndipo ameze, asimeze na tumbo tupu, maana dawa hizi zinakwangua tumbo. Na asichanganye na dawa nyingine ya maumivu. Nikasema nitamwambia. Nilipogeuka kuondoka akasema nimwambie mlinzi ashuke ngazi kwa ubavu, itamsaidia. Nikashuka kwa ubavu. Kweli ilisaidia.

Nikafikiri. Tumbo likiwa na chakula, dawa inakaa foleni nyuma ya ugali. Tumbo likiwa tupu, inapita moja kwa moja. Mimi nina haraka, Jumamosi hii hapa. Nikameza palepale barazani na mate tu.

Ilifanya kazi. Kabla hata ya saa nne nilikuwa naweza kuinama kuchukua beseni. Nikajiona mjanja. Saa tano moto ukaanza chini ya kifua. Nikanywa soda kuuzima. Ukapanda. Mteja mmoja mama aliniuliza kama nimefiwa.


Jumatano, 11 Juni 2025

Leo nimefuata ushauri. Nimekula kwanza. Nimekula karanga.

Karanga moja. Hoja yangu ilikuwa hivi: Flora hakusema kiasi. Alisema ale kwanza. Karanga ni chakula, hakuna wa kunibishia. Nikaitafuna taratibu ili tumbo lijue, nikameza kidonge.

Tumbo halikujua. Mchana nilikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mikono tumboni, nikiombea wateja wasije. Hawakuja. Hilo nalo likaniuma.

Jioni dawa ilikuwa imeisha nguvu, na mgongo umerudi na hasira. Nikaenda duka jingine, kule ambako hawanijui, nikaomba ibuprofeni. Flora alisema asichanganye, lakini hii ina jina lingine kabisa na rangi nyingine. Tena sikuchanganya. Nilimeza moja, nikangoja kidogo, nikameza nyingine.


Alhamisi, 12 Juni 2025

Naona aibu kuandika ya leo, lakini daftari hili halimwambii mtu.

Nimeamua kula kweli. Sasa nyumbani chai yetu ya asubuhi ni chai tu, na nikidai ugali saa moja asubuhi Consolata atauliza kulikoni. Nikaenda kwa mama lishe nyuma ya soko. Ugali na sato asubuhi, nikameza. Ugali na kamongo mchana, nikameza. Ugali na dagaa jioni kabla ya kufunga duka, nikameza. Tumbo likatulia. Mgongo ukatulia. Nilikuwa mzima, ila siwezi kupumua kwa shibe.

Nyumbani Consolata alikuwa amepika ndizi na nyama. Nyama siku ya Alhamisi, kwa sababu mumewe ni msemaji. Nikadonoadonoa. Nikasukuma sahani. Consolata akaninusa begani. Kamongo ni samaki mwenye harufu yake. Akaniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, ni nani anayenipikia.

Hapo ndipo mwanaume mwenye akili angesema mke wangu naumwa mgongo. Mimi nikasema nimefunga. Nikasema nimefunga kula kwa ajili ya Mniko, ili Jumamosi Mungu alainishe mioyo ya wale wazee. Ile harufu ni ya mteja.

Consolata akalia. Akanishika mkono, akasema hakujua ana mume wa namna hii. Akasema na yeye anafunga pamoja nami, kuanzia sasa hivi, mpaka Jumamosi nitakaporudi. Akatoa ile nyama yote akawapelekea majirani. Tukapiga magoti. Nilipopiga magoti mgongo ukanichoma nikagumia, akadhani ni imani.


Ijumaa, 13 Juni 2025

Nyumbani hakuna moto jikoni. Consolata anashinda na maji. Uso umempungua kwa siku moja, na bado ananitazama kwa upendo. Sijui nijifiche wapi.

Amemwambia Scholastika. Bila shaka amemwambia. Saa sita simu ya Lameck. Akasema amesikia ninafunga, ni jambo zuri, ukoo mzima umeshaambiwa. Akasema kesho asubuhi tunakutana Mwitongo kwa shemeji yake kabla ya kwenda Buswahili, na atahakikisha mwenyewe hakuna mtu wa kunijaribu na chakula. Alikuwa anatabasamu ndani ya simu, nilimsikia.

Kwa mama lishe siwezi kwenda tena, nusu ya kwaya ya Consolata inapita pale. Nimenunua matobolwa sokoni, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kuanika, vikavu kabisa. Nimekula nikiwa nimejificha stoo nyuma ya mapipa ya plastiki, nikameza. Wakati natafuna akaja Consolata kuniletea Rozari yake nikae nayo kesho. Nikazungumza naye matobolwa yakiwa shavuni. Akasema sauti yangu imedhoofika, nipumzike.

Mpango wa kesho ni huu. Matobolwa mfuko wa ndani wa koti, vidonge mfuko wa suruali. Mgongo ukikaza katikati ya mazungumzo, naomba kwenda haja, nakula cha kwangu mwenyewe, nameza, narudi. Sheria inakataza chakula cha wakwe. Haikutaja viazi vya Mukendo. Nimeipitia sheria hiyo mara nyingi na sioni kosa.

Nimejizoeza kukaa kwenye ndoo fupi, wima, kama kigoda. Nilipotaka kuinuka ndoo ikainuka nami.


Jumamosi, 14 Juni 2025

Niandike yote, kisha nisilisome tena ukurasa huu.

Alfajiri nimemeza diklofenaki na ibuprofeni na maji matupu, maana Consolata alikuwa macho pembeni yangu anasali. Matobolwa yasingetafunika bila yeye kusikia.

Mwitongo wenyeji walituandalia uji, chai ya maziwa na mihogo ya moto. Mama mwenye nyumba akanijazia kikombe. Lameck akakichukua mkononi mwangu, kwa adabu kabisa, akawatangazia watu kwamba huyu ndugu yetu amefunga kwa ajili ya kijana, tumheshimu. Wazee wakanipigia makofi. Mniko akanitazama machozi yakimlengalenga. Halafu Lameck akakaa mbele yangu, akamenya muhogo, akaupulizia, akala. Akachukua mwingine. Moto wangu wa kifuani ulikuwa umeshawaka.

Buswahili tulipokelewa vizuri. Kigoda changu kilikuwa kifupi kuliko ndoo. Mzee Mwikwabe akataja idadi yake, ng'ombe ishirini na wawili. Tulikuwa tumejipanga na kumi na nne. Nikasema, na naandika hili bila majivuno maana ndicho kitu kizuri pekee nilichofanya wiki nzima, nikasema vizuri. Nilitaja ukame, nikataja bei ya pamba, nikataja marehemu kaka. Mzee akashuka mpaka kumi na nane. Watu wakaanza kunong'ona kwamba kumbe damu ya baba yake imo. Lameck akaona nang'ara, naye akataka kung'ara. Akadakia kwamba hata kumi na nane ni wengi kwa msichana ambaye hajamaliza chuo. Aisee. Mzee Mwikwabe akasimama, akakaa, akarudi kwenye ishirini na wawili. Tukawa hapo. Kimya. Hakuna anayeshuka, hakuna anayepanda. Kilikuwa kimya cha kawaida, baba angekikalia mpaka jioni.

Mimi mgongo ukakaza. Ulikaza mpaka mguu wa kushoto sikuusikia. Nikaomba kwenda haja.

Nikajibanza nyuma ya ghala. Nikatoa kidonge mkono wa kushoto, matobolwa mkono wa kulia. Nikatafuna. Wiki nzima sijawahi kutafuna mahali penye kimya vile. Yalikuwa yanalia kwenye masikio yangu mwenyewe. Kipande kikakwama kooni, nikaanza kukohoa na huku nimeziba mdomo, na kukohoa kukanipiga mgongoni, nikaenda chini kwa magoti.

Akatokea mama mmoja mtu mzima na kibuyu cha maji. Bi Miriamu, shangazi yake Wegesa. Akanipiga mgongoni, palepale panapouma. Nilipopata pumzi akaniuliza baba una nini. Wiki hii nimemdanganya Flora, nimemdanganya mke wangu, nimedanganya ukoo na nimempiga Mungu chenga. Ukweli nikaenda kumwambia shangazi wa upande wa pili. Wote. Gunia, vidonge, kamongo, kufunga. Nililia kidogo.

Alinisikiliza vizuri mno. Akasema pole sana baba, dawa hiyo haimezwi na tumbo tupu, itakuua, hata yeye ya magoti yake anamezaga baada ya ugali. Akasema njoo jikoni, hapa hakuna mwanaume anayeingia, hakuna atakayeona. Nikamwambia sheria. Akasema hii sio kula, hii ni tiba. Tiba. Neno hilo lilinipendeza sana.

Ugali wa mtama na muhogo, bado unatoa moshi. Maziwa ya mgando. Nikala tonge la kwanza kwa kuogopa. La pili kwa kiasi. La tatu sikumbuki. Sikuwahi kuonja maziwa matamu namna ile. Nilikuwa na tonge la nne mdomoni Bi Miriamu alipokwenda mlangoni, akajifunga khanga vizuri, akapiga kigelegele.

Wanawake wote wa boma wakaitikia. Akatamka kwa sauti, ili nje wasikie, kwamba msemaji amekula. Msemaji wa akina Mniko amekula na ameshiba.

Nilitoka jikoni na maziwa kwenye masharubu. Mzee Mwikwabe alikuwa tayari amesimama na mkono ameunyoosha. Ishirini na wawili. Akanishukuru kwa kutokuwasumbua. Wazee wetu wakawa wanaangalia chini. Lameck naye aliinamisha kichwa pamoja nao, kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Hata hilo sikulifurahia.

Kidonge sikumeza. Nilikikuta jioni kwenye kiganja cha kushoto, kimeyeyuka, nimekishika muda wote huo niliokuwa napeana mikono.


Jumapili, 15 Juni 2025

Sikwenda kanisani. Consolata amekwenda peke yake. Jana usiku nilimwambia kila kitu, kwa sababu angeambiwa na Scholastika vilevile. Hakugomba. Alisikiliza, akaenda jikoni, akasonga ugali akala peke yake kwa utulivu, mpaka ukaisha. Halafu akasema mficha maradhi kifo humuumbua, akaenda kulala. Hasira ningeiweza.

Mchana kikao Bunda. Nilikuwa nimeshatunga maneno njiani. Niliwaambia haikuwa bahati mbaya, ilikuwa mbinu, maana baada ya kauli ya Lameck binti alikuwa anatuponyoka, nikaona bora nile ili nimfunge. Nilisema vizuri tu. Mzee mmoja akaniuliza kama mbinu ilihitaji matonge manne. Sijui nani amemwambia idadi.

Ng'ombe wanane waliozidi wametafutwa. Ukoo umetoa sita kwa manung'uniko, jina langu likitajwa kwa kila ng'ombe. Wawili wakakosekana. Wazee wakaanza kusema posa isogezwe mpaka mwakani. Hapo Mniko akasimama, akasema kuna mtu yuko tayari kumbadilishia maksai wake kwa mitamba miwili. Ameshaongea naye.

Wale ndio anaolimia pamba. Wale alianza nao wakiwa ndama, kaka yangu akiwa bado hai. Msimu ujao Mniko atalima kwa jembe la mkono, yeye na mke wake mpya, kwa sababu mimi nilikula ugali.

Nilimfuata nje. Nilikuwa na maneno mengi, yote ya kujitetea. Hakunipa nafasi. Aliniuliza mgongo bado unauma? Nikasema unauma. Akasema, baba mdogo, ungeniambia tu. Ningekubebea mkate. Ungekula Mwitongo mbele ya watu wote na mimi ningesimama karibu yako, au tungemwacha baba Lameck aseme, hata angeharibu ningekuwa na baba mdogo mzima. Mimi nilitaka uwepo tu. Akasema siku nyingine naomba useme ukweli. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alinishika mkono tukavuka mfereji.

Nimeona aibu nyingi maishani. Hii ni ya kwanza kunizuia kula.


Jumatano, 18 Juni 2025

Tangu juzi tumbo linasokota na choo kimekuwa cheusi tii. Nilidhani ni mtama wa Buswahili. Consolata akasema mtama wa Jumamosi haufiki Jumatano, akanisukuma mpaka hospitali.

Daktari ni binti mdogo. Akauliza nimemeza nini. Nikamwambia diklofenaki. Consolata akasema na nyingine. Nikasema na ibuprofeni. Akauliza kwa chakula au bila chakula. Consolata akanitazama. Nikasema inategemea siku.

Daktari akanieleza kwa upole. Hizo dawa mbili ni ndugu wa tumbo moja, ukizimeza pamoja umejiumiza mara mbili. Chakula kinapunguza ule moto wa mwanzo, lakini hakikulindi na kila kitu, maana dawa ikishaingia kwenye damu inalifuata tumbo kutoka ndani na kulivua kinga yake. Umekula, hujakula, ukizidisha utapata kidonda. Akasema inaelekea kidonda kipo na kinavuja. Wamenichukua damu, kesho narudi kwa vipimo vingine. Nimepewa dawa ya tumbo, hiyo inamezwa kabla ya kula. Vidonge vile vya maumivu nisiguse tena kabisa, mgongo utatibiwa kwa njia nyingine. Choo kikiendelea kuwa cheusi, au nikitapika damu, nikimbie hospitali muda wowote.

Niliitikia kila neno. Nikamuahidi daktari, nikamuahidi Consolata njiani, nikasimama mbele ya duka la Flora nikamuahidi na yeye. Nilimwambia yule mlinzi ni mimi. Akasema alijua, mlinzi gani anaumwa halafu bosi ndiye anashuka ngazi kwa ubavu. Akasema afadhali niko hai.

Nimebadilika. Naandika kwa herufi kubwa: NIMEBADILIKA.


Jumapili, 22 Juni 2025

Wali bokoboko na maziwa. Dawa ya tumbo kabla ya kula, kwa saa. Choo kimerudi rangi yake. Kidonda kimeonekana, kidogo, daktari anasema kitapona nikitulia.

Consolata ameanza kuongea nami sentensi nzima. Leo ameniuliza kama nimeacha vile vidonge. Nikasema vimekwisha. Vipo dukani ndani ya ndoo ya kijani. Sijavigusa. Kuvitupa ni kama kutupa chakula, na mtu hawezi kujua ya kesho.

Scholastika amesema Lameck anataka kuongoza msafara wa kupeleka ng'ombe Jumamosi. Anasema watu wa mjini tupande gari, tutangulie, tukangoje kivulini na akina mama. Sawa. Mimi sina shida na hilo. Kivuli ni kizuri.

Kivulini na akina mama.


Jumamosi, 28 Juni 2025

Asubuhi. Leo ng'ombe wanakwenda Buswahili na jioni Wegesa ni wetu. Nimelala Bunda kwa Mniko tangu jana pamoja na Consolata. Kitanda cha kamba. Nimeamka mgongo umekaza mpaka kisogoni.

Consolata ameamka kabla yangu kunipikia, amesema hatorudia kosa, mumewe hatoki na tumbo tupu tena. Wali na maharage. Nimekula sahani nzima. Nikaomba ya pili. Akafurahi, akanijazia. Sijamwona akifurahi hivyo tangu ile nyama ya Alhamisi.

Yule daktari alisema nisiguse, lakini alisema kwa hali niliyokuwa nayo siku ile, na siku ile nilikuwa nimemeza kiholela. Sikuwahi hata siku moja kumeza jinsi Flora alivyoelekeza, nimeshiba kabisa. Na kama sahani moja inabeba kidonge kimoja, hesabu si ngumu. Ile ndoo ya kijani niliipitia jana kabla ya kuja.

Nimemeza viwili.

Mniko amechungulia mlangoni sasa hivi, ameshavaa, anapendeza mpaka nimemkumbuka baba yake. Ameniuliza, baba mdogo, mgongo vipi leo? Uniambie ukweli, nimemweka mtu wa pikipiki anakungoja nje, hakuna atakayecheka. Nyuma yake nimemwona Lameck uwanjani, fimbo mkononi, anatazama upande huu.

Nimemwambia mgongo mzima kabisa, nimelala kama mtoto, pikipiki ampe Lameck. Mimi ng'ombe wa kaka yangu nitawaswaga kwa miguu, mbele ya wote. Amenikumbatia kwa nguvu, akasema Mungu ni mwema, akatoka kwenda kumwambia Consolata.

Naandika nimesimama. Kukaa siwezi.